Gari Juu ya Matofali

Médiatrice alikuwa na miaka hamsini na mmoja alipoamua kujifunza kuendesha gari. Mwaka aliouchagua ulikuwa 1995, wakati watu wengi wa Bujumbura walikuwa wakiuza magari yao, au wakiyaficha, au wakiyajaza magodoro na masufuria kwa safari moja tu ya kuvuka mpaka.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kwa miaka ishirini alifundisha Nyakabiga, mtaa aliokaa, kisha akahamishiwa Musaga, upande wa kusini wa mji. Zamani safari hiyo haikuwa neno. Alipanda basi dogo asubuhi, akashuka mbele ya shule. Lakini tangu vita viingie mjini, mabasi yalikuwa yakionekana siku moja na kupotea siku mbili. Yalipopotea, Médiatrice alivua viatu vyake vya kazi, akavitia mkobani, akavaa kandambili na kutembea. Siku nyingine alifika akakuta watoto kumi na wawili kati ya hamsini na sita. Aliwafundisha hao kumi na wawili, akarudi kwa miguu.

Na nyumbani, nyuma ya jiko, kulikuwa na Corolla nyeupe ya marehemu mumewe, imewekwa juu ya matofali ili magurudumu yasioze.

Mumewe, Gélase, alikuwa karani wa serikali. Alikufa kwa ugonjwa wa figo mwezi wa Septemba 1993, akazikwa vizuri, kwa jeneza la mbao nzuri, kwaya ya parokia na majirani waliokaa siku tatu uani. Mwezi mmoja baadaye rais akauawa na nchi ikawaka moto. Tangu hapo kila nyumba ilikuwa na msiba, tena misiba mingine haikuwa hata na kaburi la kuonyesha. Médiatrice akaona haya kumlilia mtu aliyefia kitandani huku ameshikwa mkono. Alikunja kilio chake kama nguo ya sikukuu, akakiweka.

Alipata habari za Radjabu kutoka kwa fundi aliyekuwa akilitengeneza gari hilo zamani. Radjabu alikuwa mtu wa Buyenzi, mtaa wa Waislamu wenye asili ndefu mjini, na alikuwa amefundisha udereva miaka kumi na sita. Shule yake ilikuwa na magari mawili. Moja lilichomwa moto barabarani, la pili lilikufa injini na vipuri havikupatikana. Kilichobaki ni kibao cha bati cha kuweka juu ya paa, kilichoandikwa AUTO-ÉCOLE, yaani shule ya udereva, kwa rangi nyekundu, na kitabu cha sheria za barabarani.

Médiatrice alimkuta amekaa mlangoni kwake, avenyu ya kumi na tatu, amevaa singileti na ndevu hazijanyolewa. Alimweleza anachotaka. Radjabu alimuuliza kwa upole kama kuna mtu aliyemtuma kuja kumcheka. Aliposikia kwamba gari liko Nyakabiga, alitikisa kichwa. Nyakabiga ilikuwa imebaki mtaa wa Watutsi, majirani zao Wahutu wamefukuzwa, na vijana walikuwa wakikaa kwenye kona kuuliza kila mpita njia ametoka wapi. Radjabu hakuwa amekanyaga huko mwaka mzima. Watu wa Buyenzi walipoulizwa kama ni Wahutu au Watutsi walizoea kujibu kwamba wao ni watu wa Buyenzi, na jibu hilo siku nyingine liliwasaidia na siku nyingine halikuwasaidia.

Médiatrice alikuwa ameshalifikiria hilo. Alimwambia aje Jumanne na Ijumaa saa nane mchana, jua likiwa kali na watu wote wako nje, apite barabara kubwa, na kile kibao akibebe mkononi.

"Mutu anayekuja kwa kujificha ndiye wanamuuliza," alisema. "We uje kama mwalimu."

Radjabu hakumjibu siku hiyo. Lakini Jumanne, saa nane kasoro dakika tano, alibisha lango la Médiatrice. Alikuwa amenyoa ndevu. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikono imesimama.

Wiki sita za kwanza gari halikusogea hata shubiri. Betri ilikuwa imekufa na esanse ilikuwa haipatikani. Malori yaliyoleta mafuta yalikuwa yakichelewa, na kituo kikifunguliwa foleni ilizunguka mtaa. Kwa hiyo Médiatrice alijifunza juu ya matofali. Alikaa nyuma ya usukani, Radjabu pembeni, kitabu mapajani. Alijifunza kukanyaga ambreyaji, yaani klachi, kwa mguu wa kushoto, kubadilisha gia, ambazo Radjabu aliziita vitesi, kuangalia kioo, kuwasha taa ya kona ambayo haikuwaka. Radjabu alimtaka afumbe macho na kutafuta gia ya tatu kwa mkono. Akikosea, alirudia. Sauti yake haikupanda kamwe.

Mara nyingine alishuka akasimama mbele ya gari.

"Sasa mi ni ng'ombe," alisema. "Natoka kulia, sina haraka. Unafanya nini?"

Médiatrice alikanyaga breki. Siku nyingine Radjabu alikuwa baiskeli iliyobeba mikungu minne ya ndizi, siku nyingine alikuwa lori la jeshi, na kwa lori la jeshi jibu lilikuwa moja tu: kwenda pembeni, kuzima injini, kungoja.

Jirani wa Médiatrice, mzee aitwaye Jovithe, aliyekuwa amestaafu kazi ya forodha, aliyaona yote hayo akichungulia juu ya ukuta. Hakupendezwa. Alimwambia Médiatrice kwamba watu wanakufa na yeye anacheza na gari kama mtoto, tena na mtu asiyejulikana. Médiatrice alimjibu kwamba huyo mtu anajulikana, ni mwalimu wake, na kwamba kama Jovithe anataka, kuna nafasi kiti cha nyuma. Jovithe aliingia ndani akafunga dirisha.

Mwishoni mwa Aprili fundi alileta betri aliyoichaji, na Médiatrice akapata lita nne za esanse baada ya kusimama foleni tangu alfajiri. Waliliteremsha gari. Liliposhika ardhi lilitoa sauti kama mzee anayekaa kitini. Walizunguka barabara za karibu, mara tano, mara sita, kibao kikiwa kimefungwa juu ya paa kwa mipira ya ndani ya baiskeli. Vijana wa kona waliwatazama. Wengine walicheka injini ilipozimika. Baada ya safari chache waliacha kucheka, wakawa wanasogea tu pembeni. Radjabu aliandikisha jina la Médiatrice kwa mtihani: Ijumaa, tarehe kumi na mbili Mei.

Siku ya Jumanne kabla ya mtihani huo, Radjabu alifika kama kawaida. Walikuwa bado uani, Médiatrice akipangusa kioo, waliposikia mlipuko upande wa soko, kisha mwingine. Milango ya maduka barabarani ilianza kufungwa, mmoja baada ya mwingine. Watu walipita mbio. Baada ya robo saa mtaa ukawa kimya kabisa, na hicho kimya kiliwatisha kuliko mlipuko.

Mzee Jovithe aliingia bila kubisha. Alikuwa amebeba kidumu cha lita tano kilichofunikwa kwa gunia. Alisema vijana wamefunga barabara pande zote, wana hasira, na wanapita nyumba kwa nyumba kutafuta watu wasio wa mtaa. Wameshamuuliza yeye kuhusu mwenye kibao. Aliwaambia hajamwona leo.

"Lakini watafika," alisema. Kisha akaweka kidumu chini karibu na gurudumu. "Hii ni esanse. Nilikuwa naiweka kwa siku mbaya."

Walishauriana wakiwa wamesimama. Kumficha Radjabu chumbani hakukufaa, maana nyumba ilikuwa na vyumba vitatu tu na kila mtu aliijua. Kwa miguu asingefika hata kona ya pili. Jovithe alisema Radjabu achukue gari akimbie. Radjabu akakataa: mtu mgeni, peke yake, ndani ya gari la marehemu wa mtaa, watasema ameliiba, na hapo hata hawatauliza swali.

Ndipo Médiatrice alipofungua mlango wa dereva, akakaa.

"Leo ni Jumanne," alisema. "Tuko na somo."

Radjabu alimtazama. Alitaka kumwambia kwamba hajawahi kuendesha zaidi ya kilomita moja mfululizo, na kwamba kwenye mlima anaacha ambreyaji haraka. Badala yake alifunga kibao juu ya paa, akavuta kila fundo mara mbili, akaingia kiti cha pembeni. Jovithe alimimina esanse yote, akafungua lango.

Médiatrice alitoka polepole. Alitazama kushoto, kulia, akawasha taa ya kona ingawa barabara ilikuwa tupu. Radjabu alianza kufundisha. Alisema kwa sauti ile ile ya siku zote: kioo, sasa ya pili, shika usukani kwa mikono yote miwili, usitazame mikono yako, tazama mbali. Madirisha yalikuwa wazi ili kila aliye nyuma ya pazia asikie. Walipita nyumba ambazo zamani zilikuwa na watu, sasa zimebaki kuta. Walipita duka la mkate, limefungwa. Mbwa mmoja alivuka, Médiatrice akamngoja amalize.

Kizuizi kilikuwa pale mtaa unapokutana na barabara kubwa ya kwenda Bwiza: shina la mti, mapipa mawili, na vijana kama kumi na watano. Wengine walishika marungu, wengine mapanga, mmoja alikuwa na grunedi mfukoni mwa koti. Médiatrice alikanyaga breki akasahau ambreyaji. Gari liliruka mara moja, injini ikazimika, pua ikiwa hatua mbili kutoka kwenye lile shina.

Alijaribu kuliwasha. Betri ilikohoa, ikanyamaza.

Kijana mwenye grunedi alikuja dirishani upande wa Radjabu. Mwingine aliyekuwa nyuma yake alisema kwamba huyu ndiye yule, atoke. Mkono ulishika kitasa cha mlango.

Médiatrice aliinama kidogo ili aone uso wa yule mwenye grunedi. Alikuwa amekua, na shingo yake ilikuwa imenenepa, lakini jicho la kushoto lilikuwa likipepesa vilevile kama zamani alipoitwa ubaoni.

"Bonfils," alisema.

Kijana alisimama. Aliutoa mkono wake mfukoni.

"Bonjour, Madamu."

"Mama yako ameshapona mguu?"

Bonfils alijibu kwamba amepona kidogo, anatembea na fimbo. Wenzake walitazamana. Kisha akakumbuka kazi yake, akauliza, lakini kwa sauti ya chini kuliko alivyokusudia:

"Huyu mutu ni nani, Madamu?"

"Ni mwalimu wangu. Ijumaa niko na mutihani wa udereva."

Yule wa nyuma alisema hakuna mtihani, hakuna Ijumaa, mtu atoke garini. Médiatrice hakumtazama. Aliendelea kumtazama Bonfils, kama alivyowatazama watoto kwa miaka ishirini na saba, bila kukunja uso na bila kucheka.

"Mukimutoa, mmoja wenu akae hapa anifundishe," alisema. "Nani kati yenu anajua kuendesha?"

Jua lilikuwa likiwapiga wote. Radjabu alikuwa ameweka mkono wake juu ya breki ya mkono, na macho yake yalikuwa mbele, kwenye shina la mti. Baadaye alimwambia mkewe kwamba dakika ile alikuwa akisoma shahada moyoni na kuhesabu matawi yaliyokatwa.

"Injini imezimika," Médiatrice alisema. "Betri ni dhaifu. Bonfils, ondoa huo mti, halafu musukume."

Alisema hivyo kwa namna aliyosema zamani fungua dirisha, futa ubao, gawa madaftari. Bonfils alisimama kidogo. Kisha akageuka, akawaambia wawili washike shina upande ule. Yule aliyesema hakuna Ijumaa alibaki amesimama, akatema mate chini, lakini hakuzuia. Sita walikwenda nyuma ya gari.

"Ambreyaji chini," Radjabu alisema polepole. "Vitesi ya pili. Ngoja. Ngoja likimbie kidogo. Sasa acha, taratibu."

Gari lilisukumwa, likatikisika, injini ikashika. Médiatrice alipita kati ya mapipa. Alinyoosha mkono dirishani kuwashukuru, kama sheria inavyotaka dereva amshukuru anayempisha. Mita hamsini mbele aliwasha taa ya kona kuingia kulia.

"Hakuna mutu hapa, Madamu," Radjabu alisema.

"Ulisema kila mara."

Kuingia Buyenzi mambo yaligeuka. Mwanzo wa avenyu ya kumi na tatu wanaume walikuwa wamepanga mawe, nao pia walikuwa na hofu, nao pia walitaka kujua ni nani. Sasa Radjabu ndiye aliyeshuka, na Médiatrice ndiye aliyebaki kitini akitazama mbele. Walimuuliza mwanamke huyu wa Nyakabiga anatafuta nini kwao. Radjabu alisema ni mwanafunzi wake, amemleta nyumbani, na kwamba hawezi kurudi leo. Waliondoa mawe mawili, nafasi ya gari moja.

Sumaya, mke wa Radjabu, alikuwa mlangoni. Alikuwa amesimama hapo tangu milipuko. Alimwona mumewe akishuka, akaegemea ukuta, akafunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Kisha akaenda upande wa dereva, akafungua mlango na kumpa Médiatrice mkono ashuke.

"Karibu, dada," alisema. "Unakula samaki?"

Médiatrice alikaa Buyenzi siku sita. Mji ulikuwa umefungwa, risasi zikisikika upande wa kaskazini, na hakuna aliyethubutu kuvuka mitaa. Alilala chumba cha mabinti wa Sumaya, akavaa kitenge cha Sumaya, akaamka na adhana ya alfajiri akasema sala zake mwenyewe kitandani. Mchana hakujua afanye nini na mikono yake. Siku ya pili alimwomba binti mkubwa alete daftari, akamsomea imla. Mdogo akataka naye. Watoto wa jirani wakachungulia. Alhamisi kulikuwa na watoto kumi na tisa kwenye mkeka uani, wakigawanya arobaini na nane kwa sita, na wanne kati yao walikuwa watoto wa wale wanaume wa mawe.

Hata hivyo si wote waliofurahi. Jirani mmoja alikuja kumwambia Sumaya kwamba kumweka mtu wa Nyakabiga nyumbani ni kujitafutia balaa, wakija kumtafuta itakuwaje. Médiatrice alikuwa jikoni, alisikia kila neno. Sumaya hakupandisha sauti.

"Wakimutafuta," alijibu, "waambie yuko jikoni, anachagua mchele."

Jioni hiyo Médiatrice alimwuliza Radjabu kwa nini alikubali kuja Nyakabiga siku ile ya kwanza, wakati hata yeye mwenyewe aliyemwomba hakutegemea. Radjabu alifikiri. Alisema kwamba gari la pili lilipokufa aliendelea kuamka saa kumi na mbili kwa mazoea, akanywa chai, kisha hakuwa na kitu cha kufanya mpaka usiku. Mwezi ukaisha hivyo, kisha mwaka. Aliacha kunyoa. Aliona kwamba vita havikumpiga risasi, lakini vilikuwa vimemchukua siku yake, kila siku, na yeye alikuwa akivipa bila kuombwa.

"Ulivyokuja, nilimuuliza Sumaya pasi iko wapi," alisema. "Alilia. Mi sikujua kwa nini analia. Nilitafuta pasi tu."

Usiku ule, kati ya mabinti wawili waliolala, alimlilia Gélase kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alilia kwa sababu alikumbuka alivyokuwa akikohoa kabla ya kuwasha gari, na namna alivyosema kwamba usukani utamharibia mkewe mishipa. Kilikuwa kilio cha mjane wa kawaida, na alikiona kitamu.

Ijumaa ya mtihani ilipita wakiwa wamefungiwa. Jumatatu asubuhi maduka yalifunguliwa, mabasi mawili yakaonekana, wanawake wakapanga nyanya zao. Radjabu alikwenda kuuliza barabarani, akarudi akasema vizuizi vimetolewa. Alitaka amrudishe Médiatrice nyumbani moja kwa moja. Médiatrice akasema wapitie kwanza kwenye mtihani.

"Mutihani ulikuwa Ijumaa, Madamu."

"Na sisi tuna sababu ya kuchelewa."

Mtahini alikuwa mwanamume mfupi mwenye miwani, amekaa peke yake mezani na faili zake. Aliposikia majina yao alitazama orodha. Watu tisa walikuwa wameandikwa kwa Ijumaa, alisema, na hakuna hata mmoja aliyekuja, na yeye mwenyewe pia hakuja. Alifikiri kidogo, akachukua kofia yake. Kwa kuwa wamefika, alisema, basi tuanze.

Médiatrice alijibu maswali yote ya kitabu. Aliendesha vizuri barabarani, akasimama kwenye alama, akampisha mama mwenye baiskeli. Kisha wakafika kwenye uwanja wa kurudisha gari nyuma kati ya nguzo nne za mbao. Hilo hawakuwa wamelifanya zaidi ya mara mbili, kwa sababu ya esanse. Nguzo ya kwanza aliikwepa. Ya pili akaiangusha, na alipotaka kusahihisha akaikanyaga ya tatu, ikavunjika.

Mtahini alishuka, akaitazama nguzo yake, akarudi mezani. Aliandika kwa muda mrefu, akapiga muhuri, akampa karatasi. Alimwambia kwa adabu kwamba hakufaulu, itabidi arudie.

Radjabu alishika kichwa. Alianza kumwomba msamaha njiani kuelekea garini, akisema kosa ni lake, angemfundisha kurudi nyuma tangu wakati wa matofali. Médiatrice alikuwa akisoma karatasi. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Radjabu, na mtahini aliyekuwa akiwatazama kutoka mlangoni, wote wawili walidhani analia.

Alikuwa anacheka.

"Soma," alisema, akampa karatasi. "Tarehe sita mwezi wa sita, saa tatu kamili. Hakuna anayejua kesho, na yeye ameandika saa tatu kamili, Mwalimu. Wiki tatu kutoka leo. Na amepiga muhuri."

Radjabu alisoma. Akasoma tena. Kisha naye akacheka, kidogo kidogo, mpaka akalazimika kuegemea boneti.

Alimrudisha Nyakabiga mchana uleule, yeye Médiatrice akiendesha. Mzee Jovithe aliwafungulia lango, akalizunguka gari akitafuta matundu ya risasi, asiyaone, akauliza imebaki esanse kiasi gani. Jumanne Radjabu alikuja tena na kibao chake. Wakachomeka vijiti vinne uani wakaanza kurudi nyuma.

Tarehe sita hakufaulu. Alifaulu mara ya tatu, mwezi wa Agosti. Wakati huo Radjabu alikuwa ameshapata wanafunzi wengine watatu, wawili wakiwa walimu wenzake wa Médiatrice, na wote walijifunza kwenye Corolla ile. Bonfils hakuonekana tena pale kona. Wengine walisema amejiunga na jeshi, wengine walisema amevuka kwenda Kongo. Médiatrice alikwenda kumsalimu mama yake Bonfils mara kwa mara, akamkuta na fimbo yake mlangoni, na hakuwahi kumwambia habari za siku ile.

Vita viliendelea miaka mingi baada ya hapo. Siku nyingi esanse ilikosekana, na Médiatrice akavaa kandambili akatembea. Lakini ile Jumatatu ya kwanza ya Septemba, shule zilipofunguliwa, tangi lilikuwa na lita sita. Alitoka Nyakabiga saa kumi na mbili na nusu, akapita katikati ya mji, akapanda barabara ya kusini kwa gia ya pili, akiwa na walimu wawili viti vya nyuma na mmoja pembeni, wote wamenyamaza ili asikosee. Walifika Musaga mapema mno. Lango lilikuwa bado limefungwa. Wenzake walishuka kunyoosha miguu. Yeye alizima injini, akavuta breki ya mkono, akafungua madirisha yote mawili, akatoa madaftari mkobani na kuanza kusahihisha.